Hukumu na gunia la lumbesa

*Familia ya Bibi, Njombe*

Mama Mdogo: Bwana asifiwe. Mvua ya mawe ya jana imelaza viazi vyote vya jirani wa bondeni. Mwaka mzima hajakanyaga kanisani. Mungu ameshahukumu.

Neema: Amina, shikamoo mama. Jamani, pole yake. Kwa hiyo sisi huku juu tumepona kwa sababu tunasali sana?

Baba Mkubwa: Shemeji, neno hilo tulirudishe. Luka 13, mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe, sivyo. Kisha akawaambia waliokuwa wakimsikiliza watubu wao.

Neema: Sasa hukumu ni ya nini? Watoto wa kipaimara wameniuliza Jumamosi. Mungu ni upendo, na kila Jumapili tunakiri atakuja kuwahukumu walio hai na wafu. Sikuwa na jibu.

Neema: Bibi yuko hapa jikoni, anasema niandike hivi:
"Nimekuwa mjane tangu kabla Neema hajazaliwa. Mnunuzi anajaza gunia mpaka mdomoni, anaongeza kichwa juu, ndiyo lumbesa hiyo, anashona kwa kamba, na mimi nimesimama naangalia. Bei ni ya gunia moja. Nimshtaki kwa nani? Zaburi ya 96 inasema miti ya mwituni inaimba kwa kuwa Bwana anakuja kuihukumu nchi. Naielewa hiyo miti. Aliyedhulumiwa anaingojea siku ya kesi. Mungu asingehukumu, ingekuwa kama amesema kile kichwa cha gunia si kitu."

Baba Mkubwa: Mama, umenifundisha. Amosi 8 inawataja hao hao, wanaopunguza kipimo na kuchezea mizani, na Bwana anaapa hatasahau. Ila hata huyo mnunuzi Mungu hataki afe. Ezekieli 33, hafurahii kufa kwake mwovu, anataka aiache njia yake aishi. Ninawi walipewa siku 40. Kama nia ilikuwa kuwaangamiza tu, Yona alitumwa kufanya nini?

Mama Mdogo: Nimekosea shemeji. Kesho asubuhi nashuka bondeni kumpa pole. Nina debe mbili za mbegu, nitampelekea.

Shangazi: Nami nitaongeza debe moja 🙏🏾

Kaka Ezra: Shikamoo Bibi. Nimesoma yote nikiwa hapa Makambako, gari linapakiwa. Magunia yaliyo mbele yangu yana vichwa. 1 Petro 4:17 inasema hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu, na mimi ni wa nyumba hiyo. Kuanzia wiki ijayo nakuja na mizani, nanunua kwa kilo.

Neema: Bibi anasema marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Anauliza, na wenye viazi vya leo je?

Kaka Ezra: Nimewaambia vijana wasimamishe kupakia, tunapima kwanza. Namba za wenye viazi ninazo. Naanza kuwapigia, niwatumie hela ya kilichozidi.