Utafiti wa tiba na saikolojia kutoka China: tuupokee kwa msingi gani?

BintiPangani

Wadau, salaam. Kila inapotajwa dawa au matokeo ya utafiti kutoka China, watu hugawanyika papo hapo. Mmoja atasema vya Wachina ni feki, na habari yenyewe hataki kuisikiliza. Mwingine atasema Wachina wameshawapita Wazungu, tupokee tu tunacholetewa. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kusimama dirishani na kumwambia mgonjwa ameze nini, kwa hiyo jambo hili kwangu si la ushabiki. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnikosoe: kuuliza mtafiti ni wa taifa gani hakutufikishi popote. Tuulize ni nani mwingine, asiye na maslahi yoyote, amelirudia jambo lile na akapata nini. Na pale ambapo hajapatikana mtu wa kulirudia, sisi wenyewe tuwe tayari kulipima kabla halijafika kwa mgonjwa.

Chukueni dawa ya mseto ya malaria, ALu. Vile vidonge vya njano, vinne asubuhi na vinne jioni kwa mtu mzima, siku tatu, dozi ya pili masaa nane baada ya ile ya kwanza, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo. Viambato vyake vyote viwili, artemetha na lumefantrini, vilitoka kwenye maabara za China. Watu wengi wanaoapa kwamba hawawezi kugusa dawa ya Mchina wameshaimeza, na wamewapa watoto wao.

Chanzo cha artemetha kilipatikanaje? Mwaka 1967, tarehe 23 Mei, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kwa sababu ya tarehe hiyo. Wanajeshi wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiangamia kwa malaria na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mtafiti Tu Youyou wa Beijing aliingia kwenye mradi mwaka 1969. Alipekua vitabu vya tiba za kale na kukuta maelekezo ya Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi ya mmea wa qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji yake. Hapatajwi moto. Kikosi chake kilikuwa kikitumia joto kukamua dawa, na matokeo yalikuwa yakiyumba. Akahamia kwenye etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliimeza kwanza wao, ndipo wakawapa wagonjwa 21. Nobeli ikaja 2015, kwa mama asiye na shahada ya uzamivu.

Sasa angalieni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Dunia haikuipokea kwa sababu kitabu ni cha kale, wala kwa sababu China ilisema. Ilirudiwa Thailand, Vietnam na Afrika, na watu wengine kabisa, ikatoka vilevile. Zanzibar iliingiza dawa za kundi hilo mwaka 2003. Tanzania Bara tulianza kutumia ALu mwishoni mwa 2006, baada ya SP, dawa ya malaria iliyotangulia, kuzidiwa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu wale panya.

Nawakaribisha. Mwenye hoja kinyume alete ushahidi, tusitupiane maneno.

Mwanamaabara

Dada, mfano wako ni mzuri lakini umechagua lulu kwenye ghuba lote. Tuongelee na kilichobaki majini.

Aprili 2017 jarida moja la saratani, Tumor Biology, lilifuta makala 107 kwa mpigo, zote za watafiti wa China, kwa sababu uhakiki wake ulikuwa wa kughushi. Mhakiki anaonekana ni mtaalamu wa kweli, barua pepe yake ni ya kutengeneza, na ripoti inaandikwa na mtu aliyelipwa. Kuna viwanda vya makala: unalipa, unapewa utafiti uliokamilika wenye picha za seli na grafu, unaweka jina lako. Kwa nini daktari wa hospitali ya wilaya China anunue makala? Kwa sababu bila makala hapandi cheo, hata kama siku nzima anaona wagonjwa na maabara hana. Na walioko juu walikuwa wanalipwa fedha taslimu. Uchunguzi wa sera za vyuo 100 vya China ulionyesha kwamba makala moja kwenye majarida makubwa ya Nature au Science mwaka 2016 ilimletea mwandishi wastani wa zaidi ya dola 43,000. Serikali yao ilikataza malipo ya namna hiyo mwaka 2020.

Mwaka 2015 mamlaka yao ya dawa iliagiza kampuni zikague upya takwimu za majaribio kwenye maombi 1,622 ya usajili, na anayejua zake ni za uongo aziondoe mwenyewe kabla hajakaguliwa. Sehemu kubwa ya maombi hayo iliondolewa. Na kwenye tiba zao za jadi, mtafiti Andrew Vickers wa Uingereza alikusanya mwaka 1998 majaribio ya akupancha, ile tiba ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini, yaliyochapishwa China. Hakuna hata moja lililosema tiba haikufanya kazi. Hata moja! Hakuna tiba ya namna hiyo duniani, hata panadoli kuna mtu haimsaidii.

Kwa hiyo ninapoona "watafiti wa China wamegundua", naanza na shaka. Huo si ubaguzi, ni uzoefu. Nani ana muda wa kurudia kila kitu?

BintiPangani

Mwanamaabara, takwimu zako ni za kweli na sizipingi. Ila tazama ni nani aliyewafichua baadhi ya hao. Mei 2016 Han Chunyu wa chuo kimoja cha Hebei alichapisha njia mpya ya kuhariri jeni, NgAgo, China nzima ikamshangilia. Miongoni mwa waliosimama hadharani na kusema hawaioni ikifanya kazi walikuwa Wachina wenzake, watafiti wa maabara nyingi za huko, kwa majina yao. Agosti 2017 makala ikaondolewa. Hali ni hiyohiyo kwa He Jiankui, yule aliyetangaza Novemba 2018 kwamba amehariri jeni za mapacha tangu wakiwa viinitete ili wasipate VVU. Wanasayansi zaidi ya 100 wa China walitia saini barua ya kumlaani ndani ya saa chache. Walijua baba mwenye VVU anaweza kupata mtoto salama kwa kuosha mbegu, hakukuwa na sababu ya kugusa jeni za mtoto. Mahakama ya Shenzhen ilimfunga miaka mitatu.

Na Januari 2020 Zhang Yongzhen wa Shanghai aliachia ramani ya jeni za virusi vya korona kupitia mwenzake wa Australia, bila kungoja ruhusa. Kesho yake maabara yake ilifungwa "kwa marekebisho". Vipimo na chanjo zilizokuja baadaye zilianzia kwenye ramani ile. Sasa mtu huyo nimweke fungu moja na mnunuzi wa makala kwa sababu pasipoti zao zinafanana? Hapo ndipo tunapotofautiana, mkuu. Shaka iwe kwa kazi, isiwe kwa watu.

Wa Kisumu

Hamjambo huko. Niongeze moja tu kwa habari ya ule mmea. Huku kwetu watu wanaupanda nyuma ya nyumba na kuchemsha chai, wakiambiwa ni dawa ileile iliyoshinda Nobeli. Mwaka 2020 ile dawa ya maji kutoka Madagaska iliyotengenezwa kwa mmea huohuo ilipokelewa kama mkombozi wa korona, na Tanzania ilituma ndege kuichukua. Lakini historia aliyoieleza dada inaonyesha wazi kwamba joto liliwaharibia kazi. Chai haina kipimo, leo kali, kesho maji matupu, na vimelea vinavyopona kwenye dozi ndogo ndivyo vinavyozoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliikubali. Mimi nimezika ndugu kwa malaria, siwezi kunyamaza nikiona mtoto ana homa na anapewa kikombe badala ya kupimwa.

Mwalimu Mstaafu

Mada inataja na saikolojia, naona mmeiruka. Huko ndiko ningetaka tahadhari kubwa zaidi.

Mwaka 2007 kundi la Chuo Kikuu cha Peking lililoongozwa na Shihui Han liliwaingiza watu kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, na kuwauliza kama sifa fulani, tuseme ujasiri, inamfaa yeye mwenyewe, mama yake, au mtu maarufu. Kwa Wachina, eneo la mbele la ubongo linalowaka mtu anapojifikiria mwenyewe liliwaka pia alipomfikiria mama. Kwa Wamagharibi halikuwaka kwa mama. Ni habari tamu, na mtu yeyote aliyelelewa pwani atasema hata sisi ni hivyo. Lakini washiriki walikuwa 13 kila upande. Kumi na tatu! Siwezi kuandika somo la malezi ya taifa kwa watu 26. Nitalitaja darasani kama swali zuri, basi.

Linganisheni na jaribio la Guangzhou lililochapishwa 2015. Shule za msingi 12, watoto wa darasa la kwanza. Nusu ya shule ziliongezewa kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya masomo, nyingine ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 kwenye shule za kipindi cha nje, na 39.5 kwenye zile nyingine. Hapa kura ilipigwa kuchagua shule, macho yalipimwa, na miaka ilisubiriwa. Hili nalipokea, kwa sababu naliona lilivyofanywa. Wazazi wanaotaka tuisheni mpaka jioni walisome.

Na msisahau upande wa kutisha. Huko Linyi, China, vijana waliodaiwa kuwa watumwa wa intaneti walikuwa wakipigwa shoti ya umeme hospitalini, wazazi wakilipa. Wizara yao ya afya ilikataza mwaka 2009. Matibabu yalitangulia, ushahidi haukuwepo. Vijana wetu nao wanashinda kwenye simu, na atatokea mtu wa kutuuzia dawa ya hilo.

Nesi wa Presha

Asante Mwalimu. Mimi naomba turudi kwenye jambo linalonigusa kazini, maana wagonjwa wa kiharusi ninaowageuza kitandani kila siku si nadharia.

Kuna jaribio la chumvi lililotoka 2021, la watafiti wa Australia na China kwa pamoja. Vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 kwenda juu na presha haijatulia. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, vingine vikaendelea na chumvi ya kawaida. Kwa karibu miaka mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Chumvi tu, si dawa! Sasa kwa nini tusiichukue kesho? Dada BintiPangani unasema mpaka tupime wenyewe. Wangapi watapooza tukisubiri vipimo vyetu?

BintiPangani

Nesi, swali lako ndilo gumu kuliko yote hapa, na nitalijibu kwa urefu.

Jaribio lile nalikubali. Ni kubwa, limefanywa vijijini kwa watu wa kawaida, na wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa, pamoja na wanaotumia dawa za kukojoza zinazozuia potasiamu isitoke. Hapo ndipo pananisumbua kwetu. Potasiamu ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Wewe unajua ni wagonjwa wangapi wa presha wanaofika kliniki hawajawahi kupimwa figo hata mara moja. Chumvi ikishaingia dukani haina cheti cha daktari. Anainunua mama, anapikia nyumba nzima, na babu mwenye figo mbovu asiyejijua anakula sahani ileile.

La pili ni jiko. Kule vijijini China chumvi nyingi huingia kwa mkono wa mpishi, kwa hiyo ukibadili kopo umebadili karibu yote. Huku pwani sehemu ya chumvi inaingia na papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi ya mawe kabla hawajafika sokoni. Kubadili kopo hakuwagusi hao samaki. Labda faida kwetu itakuwa ndogo zaidi. Labda itabidi tuwafuate wakaushaji samaki, si wapishi.

Hayo yanapimika, na si kwa miaka 30. Njia ipo na tumeshaipita. Kule Rufiji, kuanzia 2015, wataalamu wa China na wenzao wa Taasisi ya Afya Ifakara walichukua utaratibu uliotumika China kumaliza malaria, wa kuripoti mgonjwa ndani ya siku moja, kuchunguza ndani ya siku tatu na kuchukua hatua ndani ya saba. Hawakuubandika ulivyo. Waliufumua, wakaupanga upya kwa mahali ambapo malaria ni nyingi na wahudumu wa afya wa jamii ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, kisha wakalinganisha na kata ambazo hazikupata. Chumvi nayo ifanyiwe hivyo, kwenye kata chache, huku damu na figo zikipimwa tangu siku ya kwanza.

Nesi wa Presha

Nimekuelewa kwenye figo. Ila kipimo cha potasiamu kwenye zahanati yangu hakuna, tunamtuma mgonjwa mjini kwa nauli yake. Nani atalipia hizo kata chache?

Mwanamaabara

Kwenye hilo niko upande wa Nesi. Chuo chetu kina mashine ya kupima elektrolaiti, yaani chumvichumvi za damu kama potasiamu, inakaa bila kazi siku nyingi za wiki. Mkizitenganisha sampuli mapema kabla chembe za damu hazijapasuka na kuharibu usomaji wa potasiamu, kisha mkazileta kwenye boksi la barafu, nitaongea na mkuu wa maabara tuzipime. Anzeni na wagonjwa wenu wa presha waliopo sasa, kabla hata ya chumvi yoyote, tujue figo zao zikoje.