Mjadala: Programu imwambie mtumiaji ilijengwa lini na kwa msimbo upi?

Mwanzisha mada: Wakuu, natengeneza programu ya kuuzia madukani. Mama mmoja wa Mbagala alinipigia, risiti zinatoa jumla ya ajabu. Jirani yake ana programu hiyohiyo, toleo 3.2 hilohilo, na mambo yake shwari. Nilihangaika siku mbili. Kumbe siku tuliyotoa 3.2 tuliona kosa mchana, tukarekebisha, tukaijenga upya bila kubadili namba. Mama alikuwa amerushiwa faili la asubuhi kwa WhatsApp. Uzembe wetu, sibishi. Ila kama pale kwenye "Kuhusu" kungekuwa na namba ya bildi, yaani siku na saa ya kujengwa pamoja na alama ya msimbo uliotumika (herufi na tarakimu chache zinazotambulisha msimbo huo), ningemaliza kwa simu moja. Bosi hataki. Anasema wateja hawazielewi hizo namba, na mwizi tutakuwa tumempa ramani. Mnasemaje?

Mtu wa usalama wa mifumo: Bosi ana hoja. Seva inayomtajia kila anayebisha hodi jina na toleo lake inajianika. Ndiyo maana nginx, programu ya kuendeshea seva za wavuti, ina "server_tokens off" ya kuficha toleo, na mwenzake Apache nayo ina mpangilio wa namna hiyo. Mmesahau lile tundu la Log4j, maktaba ya msimbo iliyomo ndani ya programu nyingi, Desemba 2021?

Mwanzisha mada: Sijasahau, na mkuu umenisaidia. Wadukuzi wa Log4j hawakuuliza toleo, walimrushia kila mtu wakasubiri nani ataitika. Waliokesha ni wenye mifumo, wanatafuta kama hiyo maktaba imo ndani ya programu walizonunua. Kuficha kulimuumiza mwenye nyumba.

Fundi simu, Kariakoo: Hilo la wateja kutoelewa namba mlitoe. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipotangaza kuzima simu feki mwezi Juni, mjini hapa kila mtu alikuwa anabonyeza *#06#. Tarakimu 15! Wengi walikuwa hawajawahi kusikia neno IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, lakini walizisoma moja moja kwa sababu simu zao zilikuwa hatarini. Mimi mteja akileta simu inayosumbua, naanzia "Kuhusu simu". Isiponiambia bildi, napapasa tu, na mteja analipia huo upapasaji.

Mchangiaji wa Sinza: Mimi nakubali ionyeshwe ila nampinga mwanzisha mada kwenye hiyo saa. Kumbukeni xz, programu ya kubana mafaili iliyopandikizwa mlango wa siri, Machi 2024. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na namba halali kabisa, lakini kipande cha kuamsha sumu kilikuwa kwenye vifurushi vya kutolea tu, hakikuwa kwenye msimbo ambao watu wanausoma hadharani. Namba pekee ni maneno ya muuzaji. Dawa wanayoihangaikia Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux, ni kwamba mimi na wewe tukijenga msimbo uleule, tupate faili lilelile, biti kwa biti. Sasa ukichomeka saa ya kujengwa, langu na lako hayafanani tena hata kama sote ni waaminifu! Weka alama ya msimbo, na ukitaka tarehe, iwe ya badiliko la mwisho la msimbo.

Mwanzisha mada: Hapo umenishika, hilo sikuliwaza. Saa naifuta. Alama ya msimbo ingetosha kwa mama wa Mbagala, herufi saba anisomee kwenye simu.

Fundi simu, Kariakoo: Na iweze kunakiliwa kwa kugusa. Mama atasoma b, wewe utasikia d.

Mtu wa usalama wa mifumo: Kwenye simu ya mteja sina ubishi, faili analo mkononi, anayetaka kulifumua atalifumua. Ninachokataa ni mtandaoni, kwa mtu ambaye hajaingia. Mwanzisha mada, ule ukurasa wenu wa wenye maduka kuingilia, chini kabisa pameandikwa nini?

Mwanzisha mada: Toleo la mfumo, toleo la seva na jina la hifadhidata. Bosi mwenyewe aliomba viwekwe, alisema vinapendeza. Navitoa leo.