Sisimizi wa manjano wamenishinda, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Kisauni, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Tangu niingize kabati la mtumba, jikoni kumejaa sisimizi wadogo mno, rangi ya manjano, urefu kama milimita 2. Kwenye sukari huwaoni. Ukishamimina chai ndipo waelea juu. Nilipuliza dawa ya kopo. Wiki moja kimya, kisha wakatokea pande tatu: nyuma ya soketi, bafuni, na kwenye kitanda cha mtoto. Hilo la mtoto ndilo linaloninyima usingizi.

Nimesoma kwamba kundi lao lina malkia wengi, na likipuliziwa dawa hugawanyika, kila kipande kikabeba mayai na kwenda kuanza kiota kipya. Kumbe nimewatawanya mwenyewe!

Sasa nataka kutega chambo cha asidi ya boriki na asali, waibebe mpaka kwa malkia. Waliowahi kutumia, mlichanganya kiasi gani? Nasikia ikizidi hufa njiani. Niiweke wapi mtoto asiifikie? Na jirani wa chini asipotega, si watanirudia kupitia kwenye mabomba?