Naomba ushauri: natoka kwenye uigizaji, nataka kuongoza tamthilia

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Tabora mjini, na huwa nasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam kuigiza nafasi ndogo za tamthilia za televisheni, kama mjomba mkorofi au mwenye nyumba. Ninaposubiri zamu yangu humtazama mwongozaji akimsogeza mwigizaji hatua mbili tu ili taa imfikie usoni, na hapo ndipo moyo wangu ulipo sasa.

Jonathan Frakes wa Marekani, mwigizaji wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, alipoomba kuongoza alitakiwa kwanza kukaa muda mrefu na wahariri na waongozaji akijifunza, ndipo mwaka 1990 akaongoza sehemu yake ya kwanza. Njia hiyo naiamini, ila mtayarishaji mmoja alinijibu kwamba mwigizaji hana kazi katika chumba cha uhariri, jambo lililoniuma sana.

Je, niendelee kuomba nafasi ya kujifunza hata bila malipo, au nikasome kwanza TaSUBa, chuo cha sanaa kilichopo Bagamoyo? Naomba hasa waliowahi kupita njia hii wanieleze walivyopata kazi ya kwanza ya kuongoza.