Dakika 15 za kufundisha kwenye usaili: utafiti wangu wa masta au mada ya mwaka wa kwanza?

Kisima_Kirefu: Mbukwenyi wadau. Nimeitwa usaili wa mhadhiri msaidizi, chuo kimoja hapahapa Dodoma, Jumatano ijayo. Dakika 15 nafundisha mbele ya paneli halafu maswali. Niingie na utafiti wangu wa masta, maji ya chini ya ardhi bonde la Makutupora, hiyo naongea hata bila karatasi, au nifundishe tu mvua inavyofika kisimani kama kwa mwaka wa kwanza? Ipi inabeba?

Mama_Neema_Kisasa: Ya pili mdogo wangu. Mimi niliingia na utafiti, slaidi 22, muda ukaisha bado naeleza nilivyokusanya data, mwenyekiti akasema inatosha. Iliniuma sana. Kwenye paneli sio wote wa fani yako, wanataka kuona mwanafunzi atakuelewa.

Ngosha85: Dada hapo napingana kidogo. Mada ya mwaka wa kwanza kila msailiwa anayo, mkiwa kumi wanakukumbuka kwa lipi? Chuo kinataka mtu wa kuchapisha pia.

Mwana_Chimwaga: Kwangu mada ndo ibebe, utafiti uwe mfano. Anza na swali: Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, wastani kama milimita 570 kwa mwaka na jua lote hili, sasa visima vya Makutupora vinavyolisha mji vinajazwa na nini? Waache wafikirie kidogo, alafu eleza maji yanavyopenya udongo, ndo uwaonyeshe kwamba kule hakujazwi sawasawa kila mwaka, kinachojaza hasa ni misimu michache ya mvua kubwa kama ile El Niño ya 1997/98. Hapo utafiti wako umeingia kwa dakika tatu na kila mtu yuko na wewe. Na chora ubaoni, projekta ikigoma husimami unatoa macho. Beba maka pen yako.

Ngosha85: Hiyo nimeikubali mkuu.

Mama_Neema_Kisasa: Na vyeti halisi usisahau, na majina yafanane na ya NIDA. Alafu pitia masomo ya hiyo idara, lazima wakuulize utafundisha lipi.

Kisima_Kirefu: Asanteni sana. Jana usiku nimewafundisha wadogo zangu wawili wa kidato cha tatu, swali la mvua liliwashika kabisa, ila nilipofika kwenye nyufa za mwamba wakapotea wote. Leo nachora upya hapo.