Yule mwalimu wa Inglishi wa tuisheni ya jioni kaishika insha yangu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa

Chunga Mzigo:
Wakuu naandika hapa bado nipo ndani ya bajaji, sijawasha hata injini, mikono inatetemeka. Mnamjua. Simtaji jina maana humu wengi mmepita mikononi mwake, yule wa tuisheni ya ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme, mwenye viatu vinavyolia kwii kwii ngazi nzima na peni nyekundu anayoimaliza kila wiki kama soda. Huyo huyo.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, nina miaka 34, Inglishi ya fomu foo nlipata F nikaapa narudi. Kila siku saa kumi na moja napaki chombo, napanda juu, nakaa dawati la nyuma na watoto wa miaka 16 wanaoniita anko. Elfu thelathini kwa mwezi, sijawahi kuchelewesha hata siku moja.

Wiki iliyopita alitupa swali la marudio, tueleze jina la ile tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, linawahusu vipi wahusika. Nikaandika kurasa tatu wakuu, kijiweni, usiku, kwa taa ya simu, abiria anakuja namwambia dada subiri nimalizie sentensi. Nikaandika simba ni Baroka, yule chifu mzee wa Ilujinle, kito ni Sidi, yule binti mrembo wa kijiji, na hiyo ni metafa kwa sababu hakuna "like" wala "as", jina la kitabu halisemi Baroka ni kama simba, linasema simba, basi. SITIARI hiyo! Yenye "kama" na "mithili ya" ndo tashbiha. Hili nalijua tangu kipindi cha Kiswahili fomu tuu, yule mama alitufundisha kwa "Juma ni simba" na "Juma ni kama simba", mpaka leo ukiniamsha saa nane usiku nakujibu.

Sasa leo anagawa makaratasi. Kila mtu anawekewa mezani. Kufika kwangu hakuiweka. Kaishika kwa vidole viwili, kwenye kona, kainyanyua juu inaning'inia, halafu akauliza darasa zima: "Hii insha ameandika mtu au imeandikwa na bajaji?"

Darasa lilipasuka. Kuna mtoto alicheka mpaka akadondoka kwenye benchi. Mimi nimevaa ile fulana ya kijiwe, imeandikwa namba ya chombo mgongoni. Vidole viwili wakuu! Kurasa tatu zangu!

Naipokea naiangalia, metafa imekatwa, juu kaandika SIMILI, yaani tashbiha, kwa herufi kubwa. Nlikua nimeandika "If I were Sidi, I would refuse Lakunle too", kakata "were" kaweka "was", eti "I" ni mtu mmoja. Kwahiyo ile "If I were you" kwenye vitabu vyote vya grama tulivyosoma waliokosea ni wao? Maksi 4 kati ya 15. Na huyo Lakunle ni mwalimu, anamtupia Sidi Kiingereza cha kamusi nzima lakini mahari hataki kulipa. Nimemuelewa vizuri sana leo Lakunle.

Lakini maksi achaneni nazo. Vidole viwili. Kila nikifumba macho naiona ile karatasi inayumba.

Binti wa Pasua:
Pole kaka yangu. Huyo mimi alinisomea insha yangu kwa sauti ya katuni mwaka juzi, niliandika "my father he is a farmer" akarudia "my father he" mpaka kipindi kikaisha. Nikahama tuisheni.

Mkude Mweusi:
Anko bajaji 😂😂😂 "dada subiri nimalizie sentensi" yaani abiria anachelewa kazini we unatafuta metafa. Ungekua dereva wangu nashuka naita boda.

Chunga Mzigo:
Cheka tu mkuu. Ungeshikiwa wewe kwa vidole viwili tungekutana hospitali.

Mwl Mstaafu:
Kijana, "were" yako ni sahihi, hilo halina mjadala, sharti la kufikirika linachukua "were" hata kwa nafsi ya kwanza umoja. Ila kwenye simba hapo ningekupa maksi zaidi ungegusa na ishara, maana simba na kito vinasimamia mambo mengi kuliko mtu mmoja mmoja.

Kigogo Mtupu:
Ishara ndo simboli? Si ndo hiyo hiyo metafa? Mbona mnatuchanganya.

Mwl Mstaafu:
Si hiyo hiyo. Sitiari unasema A ni B. Ishara, kitu kinabaki kilivyo ila kinabeba maana ya pili.

Kigogo Mtupu:
Mimi nilikariri "Generally" ya kuanzia konklusheni tu, nikapata C. Hayo mengine sijawahi kuyahitaji.

Nyota ya Voi:
Jameni huku Kenya pia tunaumia. Kijana wangu ni kandideti, pepa ya tatu ya Kiingereza ina komposisheni na maswali ya seti buku, na mwalimu wao anawakaririsha utangulizi mmoja darasa nzima. Watoto arobaini wote jua linachomoza pamoja na ndege wanaimba. Nikamuuliza, huyu ndege halali?

Binti wa Pasua:
@Nyota ya Voi hata huku, wetu alikua "It was a bright Sunday morning". Msiba umetokea Jumatano usiku lakini insha inaanza Jumapili asubuhi.

Mzee wa Hoja:
Tatizo ni sera. Mtoto miaka saba anafundishwa kwa Kiswahili, anaingia fomu wani Baiolojia kwa Kiingereza, halafu mnashangaa insha. Nishasema sana humu.

Mkude Mweusi:
Mzee wa Hoja hata uzi wa mapishi ya ugali unaleta sera.

Mama Wawili:
Afadhali nyie mna tuisheni. Mimi nalipa ingilishi midiamu milioni na ushee, mtoto karudi jana ananiambia "mama me I don't want ugali". Nimlilie nani?

Chunga Mzigo:
Wakuu turudi kwenye mada. Kesho niende nimuulize mbele ya darasa kama alivyonifanya, au nimfuate ofisini? Nataka anirudishie ile insha mkononi, kwa mkono mzima.

Kigogo Mtupu:
Mkuu hiyo bajaji yako ni TVS au RE? Nina mdogo wangu nataka nimtoe kijiweni kwa boda.

Mkude Mweusi:
Chukua RE, spea zipo kila kona.

Babu Klachi:
RE ya mkononi angalia kwanza sahani za klachi, mimi niliuziwa kopo.

Mama Wawili:
Babu Klachi na ya wangu inalia mlio kwenye gia ya pili, itakua nini?