Kompyuta ya mezani imezima kabisa, naombeni msaada niokoe mafaili

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Juzi usiku umeme ulikatika, uliporudi nikasikia mlio wa "pa!" nyuma ya kompyuta, ikafuata harufu ya kuungua. Tangu hapo haiwaki hata taa, feni haizunguki. Fundi kaniambia madabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, ninunue mashine nyingine na mafaili niyasahau. Mashine nitanunua, hata kwa kukopa kikoba. Kinachoninyima usingizi ni mahesabu ya miaka sita na picha za marehemu mama nilizoskani. Albamu yenyewe ilishaharibiwa na mvua. Kuna njia?

Mdau wa Makorora
Pole sana ndugu yangu. Mafaili hayakai kwenye madabodi, yanakaa kwenye hadi diski (hard disk), na mara nyingi diski hubaki nzima. Huo mlio unanuka pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Tafuta pawasaplai nzima uijaribishe kabla hujanunua chochote. RAM, zile kadi za kumbukumbu ya muda, nazo zichomoe, sugua meno yake kwa ufutio, hewa yetu hii ya bahari inaleta kutu.

Mdau wa Chumbageni
Naongezea, maana wengi huharibu hapa. Diski ya mezani, ile ya inchi 3.5, inataka volti 12 na USB inatoa 5 tu. Kwa hiyo nunua waya wa SATA (plagi ya diski) kwenda USB wenye adapta yake ya umeme. Ule mdogo wa diski za laptopu hautaiwasha, utadhani imekufa kumbe ina njaa. Ukichomeka kwenye kompyuta nyingine ikakuuliza kama uifomati (yaani ifutwe ianze upya), KATAA. Ikilia tik tik tik, zima papo hapo, usiirudierudie. Na kama umeme umeunguza bodi ya diski yenyewe, usikubali ibandikwe bodi ya diski nyingine hivi hivi. Diski nyingi za sasa zina chipu yenye taarifa zake peke yake, nayo lazima ihamishwe.

Mdau wa Sahare
Anza na picha za mama. Mahesabu baadaye.

Mdau wa Bagamoyo
Kuhusu mashine mpya: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukichukua mtumba wenye prosesa ya Intel, prosesa iwe kizazi cha 8 au zaidi, chini ya hapo Windows 11 haikubali rasmi. Na nunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), tafadhali.

Mleta uzi
Wakuu, Mungu awabariki. Pawasaplai nyingine haikuiwasha, kwa hiyo kwenye madabodi fundi alisema kweli. Lakini diski imesoma! Folda la picha lilinigomea kwa kukosa ruhusa, nikabonyeza kuendelea, likachukua kama dakika ishirini nikiwa nimelikodolea macho. Ya kwanza kufunguka ni mama yuko Raskazone, kajifunga kanga, anacheka. Nimelia dukani mbele ya mteja. Picha zote sasa zipo kwenye flashi mbili, moja iko kwa dada Muheza. Mahesabu yanaendelea kunakiliwa. Sasa natafuta hiyo ya kizazi cha 8: nani anajua duka hapa mjini linalotoa risiti na dhamana?